Safari ya Nyegezi: Kuvua Samaki Pamoja na Wasioona

Mwandishi wa habari za safari hupenda kueleza aliyoyaona kwa macho yake. Mimi leo nataka kuwaeleza safari ndogo, ya siku moja tu, niliyoifanya pamoja na watu watatu ambao macho yao hayawafai, au huwafaa kidogo sana. Hatukuvuka bahari wala hatukupanda mlima. Twalitoka mjini Mwanza tukaenda Nyegezi kuvua samaki kwa ndoana. Lakini katika safari hiyo nalifanya kosa moja, nalo naona ni kosa la nyumba nyingi. Kwa hiyo nimeona si vema kuificha habari hii.

Ndugu yangu mkubwa alipofuka akiwa mtu mzima, kwa ugonjwa uitwao presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Huiba nuru kidogo kidogo kutoka pembeni, hata mtu ajapofahamu ya kuwa anaona kama atazamaye katika tundu la bomba, ile iliyokwisha kupotea hairudi tena. Kaka yangu alizaliwa karibu na ziwa, na utotoni alikuwa akivua furu kwa ndoana kila atokapo shuleni. Alipokwisha kupofuka alikuja kukaa nasi mjini. Twalimpenda sana, na kwa mapenzi yetu twalimfunga. Akitaka kwenda sokoni, twalimwambia, "Kaka, pumzika, utaletewa." Akitaka kuteka maji, mtoto alimpokonya ndoo. Kiti chake kilikuwa barazani, na miaka mitatu ilipita akitoka kwenda ibadani na kwenye misiba, basi.

Hata jioni moja akaniambia, "Mdogo wangu, upepo wa ziwa hunifikia hapa kila alasiri. Nipeleke Nyegezi nikavue."

Nikacheka, nikasema, "Kaka, utavuaje nawe huoni?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Wewe unayeona, umepata kumwona samaki kabla hajashika ndoana?"

Nikakosa jibu.

Mama yetu alipopata habari alikataa kabisa, wala hakukataa bila sababu. Tarehe 21 Mei 1996 meli iliyoitwa MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa maji, na wengi wao wamezikwa katika makaburi ya Igoma. Mtu aliyekuwa Mwanza siku zile, akiisikia habari ya ziwa, moyo humshtuka. Mama akasema, "Wenye macho walikufa, sembuse huyu?" Tukamsihi siku nyingi, hata akakubali kwa sharti mbili: tusipande mtumbwi, na tusiingie majini. Twalikubali, tukaamua kuvua tukiwa juu ya mawe ya pwani.

Habari ikaenea kwa majirani, na watu wawili wakaomba kufuatana nasi. Mmoja ni mama mjane, asiyeona tangu utoto kwa sababu ya surua. Huyu alikuwa amekaa Mwanza miaka zaidi ya 40, lakini hajapata kugusa maji ya ziwa ila yale yaliyoletwa nyumbani kwa ndoo. Wa pili ni kijana mwenye ualbino, mwanafunzi wa chuo, ambaye macho yake huona kwa shida, na jua likiwa kali hayaoni karibu kitu.

Twaliondoka alfajiri, tukapanda daladala, tukapita Igogo na Mkuyuni, tukaelekea kusini. Nalidhani nitakuwa na kazi ya kuwaeleza njia yote. Kumbe kaka aliijua kwa kona zake na kwa milima yake, akawa akinitajia mahali kabla gari halijafika. Mama mjane naye aliijua kwa harufu: hapa wanachoma mahindi, hapa kuna gereji, hapa ziwa liko karibu. Nyegezi iko kilomita kama 10 kutoka katikati ya mji, na watu wengi wanaijua kwa stendi yake ya mabasi ya kwenda Shinyanga na Dar es Salaam. Wapiga debe walipotukimbilia wakitaka kutupakia katika mabasi, kaka akawajibu, "Sisi hatuendi mbali; tunakwenda kuvua." Wakacheka, wakatupisha njia.

Sasa niwaeleze kidogo mahali penyewe. Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, limetoa mkono mmoja mrefu mwembamba kwenda kusini, nao ndio Ghuba ya Mwanza, yenye urefu wa kilomita kama 60. Nyegezi iko upande wa mashariki wa ghuba hiyo, na ng'ambo yake ni nchi ya Sengerema. Zamani aliyetaka kuvuka kwa gari huko kusini, kati ya Kigongo na Busisi, alingoja kivuko. Tangu mwaka 2025 wavuka juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Pwani yote ni mawe makubwa ya matale, mengine yamepandana kama magunia yaliyopangwa na mtu. Katikati ya mawe kuna mafunjo na vijilango vya mchanga.

Tena Nyegezi ni mahali pa elimu. Huko Malimbe mapadre walianzisha chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Karibu na maji kiko chuo cha uvuvi, ambacho vijana husoma habari za samaki, nyavu na mashua. Na tangu mwaka 1977 wataalamu kutoka Leiden, Uholanzi, walikuja katika ghuba hii kuchunguza furu, wale samaki wadogo ambao kaka yangu aliwavua utotoni. Walikuta jamii nyingi mno. Katika ziwa lote zilihesabiwa kuwa zaidi ya 500. Lakini sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alizidi sana katika miaka ya 1980 akawala, na yakadiriwa ya kuwa jamii 200 hivi za furu zilitoweka au karibu kutoweka.

Liko jambo moja katika elimu hiyo ambalo kaka yangu alilipenda kuliko yote nilipomsimulia njiani. Maji ya ghuba yamechafuka kwa tope na kwa majani madogo ya kijani yanayoelea. Mwaka 1997 wataalamu Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza ya kuwa furu jike humchagua dume kwa rangi yake, huyu mwekundu na huyu wa buluu. Na pale maji yalipokuwa ya giza walishindwa kubaguana, jamii zikaanza kuchanganyika. Kaka akasema, "Basi hata samaki wa Nyegezi hawaoni vizuri. Nakwenda kwa wenzangu."

Twalipofika pwani jua lilikuwa linaanza kutoka. Tukamkuta mzee mvuvi akikunja nyavu zake baada ya kazi ya usiku. Kaka akamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Mzee akaitikia vizuri, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Katika ninyi, anayeona sana ni nani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi wewe ndiwe utakayeleta taabu." Nalidhani ni mzaha. Akaeleza ya kuwa kazi ya dagaa hufanywa usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea juu ya maji kuwakusanya, na kazi nyingi ndani ya mtumbwi hufanywa kwa vidole katika giza. "Mwanafunzi mwenye kutegemea macho," akasema, "huchelewa kujua kamba."

Mzee huyu alitusaidia bila malipo yo yote, nami naandika hapa mpango wake wote, ili mwalimu au mzazi apendaye aweze kuufuata.

Kwanza alichagua jiwe pana, lisilo na utelezi, mbali na mafunjo, kwa kuwa katika mafunjo na maji ya kina kifupi ndimo wanamokaa konokono waletao kichocho, tena viboko na mamba hupenda mahali pa namna hiyo. Kisha akafunga kamba kutoka mti ulio juu hata kwenye jiwe, kimo cha kiuno, ili kila mtu aishike akitaka kwenda au kurudi, asingoje kushikwa mkono. Akaweka kila mtu mahali pake, hatua tano kati ya mtu na mtu, ndoana zisije zikakutana. Kila mmoja akavaa jaketi la kujiokolea, ingawa hatukuingia majini.

Mishipi yetu ilikuwa na fundo katika kila dhiraa moja. Mtu akiteremsha mshipi huhesabu mafundo kwa vidole, naye hujua chubwi limefika wapi. Likigusa chini, mshipi hulegea, naye huinua fundo moja. Ndoana, ikiwa haina kazi, huchomekwa katika kizibo cha chupa, nacho kimefungwa kifuani, ili mkono uikute pale pale. Kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke mzee alikiponda kwa koleo, ili ndoana ikimchoma mtu itoke upesi. Chambo, yaani nyungunyungu, kilikuwa katika kopo upande wa mkono wa kushoto wa kila mtu, na chombo cha samaki upande wa kulia, wala hakuna aliyeruhusiwa kuvisogeza.

Tena alinifundisha namna ya kusema. Nalikuwa nikisema, "Angalia, jiwe hilo hapo!" Akanikemea kwa upole, akasema, "Hilo lipi? Hapo ni wapi? Mwambie: mbele yako hatua mbili, upande wa kuume." Na katika kumwongoza mtu, akasema, usimsukume mgongoni kama ng'ombe apelekwaye mnadani. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua. Mwili wako ukipanda au kushuka, naye hujua.

Basi wakaketi. Kwa muda wa nusu saa hakuna aliyenena. Mama mjane aliomba kwanza atie mikono yake katika maji. Mzee akapima mahali penye kina na mwamba safi, akachota kwa ndoo, akamletea. Akaosha mikono na uso, akasema, "Kumbe hayana chumvi hata kidogo. Nalisikia watu wanaita bahari." Kisha akakaa kimya tena, akiusikiliza ukingo wa maji. Baadaye aliniambia ya kuwa siku zote alidhani ziwa ni kitu kimoja, na sasa amesikia ya kuwa kila jiwe lina sauti yake maji yakiligonga.

Huyu mama ndiye aliyepata samaki wa kwanza. Mshipi ukatikisika, akauvuta fundo kwa fundo kama alivyofundishwa, na samaki alipotoka majini akaanza kulia, krr, krr, krr. Mama akashtuka nusura autupe mshipi, kisha akacheka kwa sauti kuu. "Huyu anasema!" Alikuwa gogogo, samaki mwenye mifupa migumu kichwani na miiba mikali mapezini, naye huitoa sauti hiyo kwa kuusugua mwiba wa pezi katika tundu lake. Mzee akamfundisha kumshika kutoka nyuma, asichomwe. Mama akamgusa kote, ndevu, kichwa, mkia, akamwuliza mzee jina lake mara ya pili, ingawa samaki mwenyewe alikuwa amekwisha kulitaja.

Kijana mwenye ualbino alikuwa amevaa kofia pana na mikono mirefu, na mahali pake palikuwa katika kivuli cha jiwe kubwa. Alimpata samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama, akatuambia ni domodomo, akatueleza habari zake kama alivyosoma. Samaki huyu, akasema, hutembea usiku na katika maji ya tope. Karibu na mkia ana kiungo kitoacho umeme mdogo sana, ambao mkono wa mtu hauusikii. Ukikutana na jiwe au mdudu umeme ule hubadilika, naye huhisi kwa ngozi yake. Kaka akasema, "Huyo ana fimbo nyeupe asiyoishika mkononi."

Sasa nafika kwenye kosa langu. Kama saa mbili na nusu mshipi wa kaka ulikazwa kwa nguvu. Hakuwa furu, wala gogogo. Mshipi ulikwenda upande wa kuume, ukarudi, ukakwenda tena. Kaka akasimama. Aliachia mafundo mawili, akavuta moja, akaachia tena. Uso wake ulikuwa uso nilioujua zamani, kabla hajapofuka. Nami, badala ya kukaa mahali pangu, nikaogopa. Nikawaza, ataanguka. Nikawaza, atampoteza samaki. Nikaruka, nikaukamata mshipi mbele ya mikono yake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mshipi ukakatika. Nikamwona samaki mara moja tu, ubavu mweupe, akageuka akaenda zake.

Kaka hakupiga kelele. Alikunja mshipi uliobaki, polepole, hata mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi sikuomba samaki. Samaki wako sokoni, nawe huniletea kila juma. Niliomba kuvua."

Nikamwambia, "Kaka, naliogopa utaanguka."

Akajibu, "Najua. Miaka mitatu unaogopa nitaanguka. Nami miaka mitatu nimekaa."

Wasomaji, sikuwa na neno la kusema. Mzee mvuvi alijifanya hakusikia, akaendelea kufunga nyavu zake. Baada ya kitambo akaleta mshipi mwingine, akaufunga ndoana na chubwi, akampa kaka mkononi, kisha akaniita mimi. "Wewe njoo huku juu unisaidie nyavu," akasema. Akaniweka mahali ninapoweza kuwaona wote watatu, lakini mkono wangu haufiki.

Nikakaa huko nikiwaza habari nilizopata kuzisoma. Mwaka 1969 vijana saba wasioona wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda mlima Kilimanjaro. Kama ndugu zao wangaliwashika miguu kwa hofu, wangaliishia mlangoni. Na mwaka 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu huko Sydney, Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza nuru ya macho mwaka 1995, alishinda mbio za mita 5,000; kiongozi wake, aliyekuwa ameugua, ndiye aliyechoka, na Wanyoike akamvuta hata mwisho. Hata kuvua samaki si jambo jipya: huko North Carolina, Marekani, watu wa vyama vya Lions kwa miaka mingi wamewakusanya wasioona kila mwaka kushindana kuvua baharini. Habari hizi zote nalizijua. Nalizisoma kwa furaha, tena nalizisimulia darasani. Lakini ndugu yangu mwenyewe nalimketisha barazani.

Kama saa nne upepo ulianza kutoka ziwani, na kaka akasema tujitayarishe kuondoka, kwa kuwa ameusikia shavuni. Kabla hajakunja, mshipi wake ukatikisika tena. Safari hii sikuondoka mahali pangu. Nalishika jiwe kwa mikono miwili. Kaka alivuta fundo kwa fundo, akamfikisha samaki juu ya jiwe, akampapasa mgongoni, akakuta safu ya miiba iliyosimama. "Sato," akasema. Kisha akafungua kiganja, akampima kwa shubiri yake. Shubiri ya kaka ni sentimita 22, na sheria ya uvuvi wa ziwa letu yataka sato asivuliwe chini ya sentimita 25. Samaki alikuwa shubiri moja kamili, hazidi hata kidole.

Mzee akasema, "Hapa hakuna askari, mchukue."

Kaka akasema, "Askari hayupo, lakini mimi nipo." Akamtoa ndoana, akainama hata kifua kikagusa jiwe, akamrudisha majini kwa mkono wake mwenyewe. Akangoja mpaka akausikia mkia ukipiga maji. Akasimama, akasema, "Huyo nimemvua."

Twalirudi nyumbani kwa daladala ya adhuhuri. Mama mjane alikuwa na gogogo wake na furu wanne, akawashika mapajani njia nzima, asikubali wawekwe katika kapu la watu wote. Mama yetu alikuwa amesimama mlangoni tangu saa tano. Alimpapasa kaka kichwa na mabega kama mtoto, akauliza, "Samaki wako yuko wapi?" Kaka akamjibu, "Mmoja amekatwa na mdogo wangu, na mmoja amekwenda kukua." Akaanza kumsimulia, na habari yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yote aliyokuwa amesema katika mwezi mzima. Mama akaketi kumsikiliza. Ilipokwisha akaniuliza mimi, si yeye, "Mtakwenda lini tena?"

Tangu siku ile tumekwenda mara nyingi, nami kazi yangu huwa ni kuponda chambo na kunyamaza. Na nyumbani kaka huteka maji yake. Tulifunga kamba kutoka mlangoni hata kwenye bomba, kama ile ya Nyegezi.

Sasa neno langu kwa nyumba na kwa walimu. Katika njia hiyo hiyo ya kusini, ukipita Nyegezi ukaendelea hata Misungwi, utaikuta shule ya msingi ya Mitindo, ambayo imepokea watoto wengi wasioona na wenye ualbino. Katika miaka ya kuanzia 2007, watu waovu walipowaua wenye ualbino katika nchi za ziwa kwa ajili ya ushirikina, watoto wengi walipelekwa katika shule za bweni ili wawe salama. Jambo hilo lilikuwa la lazima. Lakini mtoto aliyekua ndani ya ua, akiambiwa kila siku ya kuwa nje kuna hatari, anahitaji kuwa na siku ya kutoka nje, pamoja na walinzi wanaoaminika, akaijue nchi yake. Kwa watoto hao asubuhi mapema ndiyo saa nzuri, kabla jua halijawa kali, na kofia pana na kivuli visisahauliwe.

Yeyote atakayefanya safari ya namna hii na akumbuke mambo machache: kupaona mahali siku moja mbele, kuwauliza wavuvi wa pale habari za mamba, viboko na pepo, kuchagua watu wazima wa kutosha, kila mmoja awe na watu wake wa kuwatazama, kuwaeleza wageni mahali palivyo kabla ya jambo lo lote, choo kiko wapi, maji yako wapi, njia ya kurudi iko wapi. Haya ni ulinzi, nao ni haki yao. Lakini ukishaweka kamba, na jaketi, na mtu wa kutazama, basi ulinzi umetosha. Kinachozidi hapo si ulinzi tena. Ni kumnyang'anya mtu mshipi wake.

Huenda katika nyumba yako, msomaji, kuna kiti barazani, na mtu ameketi juu yake, naye hupewa chakula kizuri na maneno mazuri. Mwulize leo anataka kwenda wapi. Akikujibu, usicheke kama nilivyocheka mimi.